Nirudishie Maneno

Asubuhi ile Mama Dawa alipita sebuleni kwake mwenyewe akiomba njia. "Samahani, mama. Nipishe kidogo, mzee wangu. Samahani." Watu walikuwa wamejaa kwenye makochi na kwenye mikono ya makochi, waliokosa wamechuchumaa ukutani. Mmoja alikuja na habari ya karo, mwingine ya bati lililong'oka, wa tatu alikuja kushtaki jirani aliyesogeza ua. Hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Ajuza mmoja ndiye aliyemdaka gauni na kumwambia, "Binti, hebu mwambie mama mwenye nyumba chai imechelewa."

"Nitamwambia," Mama Dawa akasema, akatoka nje akafunga mlango polepole.

Ndivyo nyumba ya mbunge inavyokuwa. Zamani ilikuwa nyumba ya mfamasia, na wageni walikuja wakikohoa, wakapewa dawa, wakaenda zao. Tangu mumewe aingie kwenye siasa, wageni hawakohoi tena na hawaondoki. Mumewe alikuwa ameshatoka tangu alfajiri, akiwa ndani ya gari la kampeni lenye picha yake kubwa ubavuni. Mama Dawa alikuwa akiiona picha ile kuliko anavyomwona mwenye sura.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Daktari, ingawa hakuwa daktari, na alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa mfamasia, tena wa aina ya wasumbufu. Kwenye duka lake alikuwa na desturi moja ambayo kwanza iliwakera watu, halafu wakaizoea, mwisho wakaipenda: haachii pakiti ya dawa mpaka mteja arudie alichoambiwa. Yeye kashika upande huu, mteja kashika upande ule, wanavutana kwa adabu.

"Nirudishie maneno," atasema.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula."

"Ukipata nafuu?"

"Nisiache mpaka ziishe."

Hapo ndipo anapoachia. Watu wazima na mvi zao walisomeshwa pale kaunta kama watoto wa chekechea, na hakuna aliyenuna. Mtu anayejali kama umemwelewa hapatikani kila duka.

Desturi hiyo ndiyo iliyompeleka bungeni. Siku ya mkutano wake wa kwanza alitaja ahadi chache, akanyamaza, kisha akasema kwa mazoea tu, "Nirudishieni maneno." Uwanja mzima ukamrudishia. Wakubwa wa chama walitazamana, wakaona wamepata mtu. Sasa muhula ulikuwa umekwisha, uchaguzi ulikuwa mlangoni, na maneno yale yalikuwa yamechapwa kwenye fulana na kofia. Mama Dawa alishawahi kuyaona kwenye aproni ya muuza nyama, yamelowa damu.

*

Dukani, ambako sasa Mama Dawa ndiye aliyekaa kaunta, mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa amestaafu siku nyingi, mwembamba kama chaki. Mwili wake ulikuwa umechoshwa na kisukari, lakini ulimi wake haujawahi kuugua hata mafua.

"Umeamkaje, Mwalimu?"

"Nimeamka. Hilo ndilo jambo, mengine ni mapambo." Akajishikiza kwenye kaunta. "Zahanati bado kweupe, dawa hakuna. Muuguzi kanionyesha friji yao, ndani wameweka maji ya kunywa."

"Na ya kwako imebaki kiasi gani?"

"Nagawanya kwa mbili. Maisha yangu yote nimefundisha watoto kugawanya, sasa nimekaa dawati la mbele nafundishwa mimi."

Mama Dawa hakucheka. Alimtazama midomo ilivyokauka. Dawa ya sukari ya sindano ilikuwa imepanda bei mpaka imekuwa ya wenye nazo, na yeye dukani alikuwa haagizi tena ila ya mama mkwe wake. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuwa unalisubiri kontena la serikali ambalo Daktari alilipigania bungeni mpaka likatolewa. Hilo asingemdhulumu mumewe. Alilipigania kweli, na lilikuwa limefika kweli. Lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa ofisi ya kampeni.

"Jumamosi wakigawa, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni," Mwalimu akasema, akatoa chupa ya chai ndani ya mfuko wake. "Unaiona hii? Mpya. Si ya chai. Ni ya barafu. Mumeo alitufundisha, dawa hii haitembei juani, inatembea na barafu yake. Wenzangu wote nimewaambia, kila mtu aje na chupa."

"Umefanya vizuri."

"Ila niambie kitu kimoja, Mama Dawa. Kontena limefika, sisi tupo, maradhi yapo. Kinachosubiriwa Jumamosi ni nini?"

"Mpiga picha," Mama Dawa akajibu, kabla hajajizuia.

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Alipoondoka alikwaruza kizingiti kwa mguu, maana macho nayo yalikuwa yamepungua nguvu. Mwenyewe husema siku hizi yanamletea habari kwa muhtasari.

Hakufika mbali, likaja gari la kampeni. Dereva akashuka na mfuko wa plastiki unaoning'inia kidoleni.

"Shikamoo, mama. Mheshimiwa kasema hizi dawa ni za Bibi, mama yake. Zitolewe kabla ya za watu."

Mama Dawa alipoupokea mfuko alishtuka. Ulikuwa na joto kama mkate uliotoka dukani kwa mwokaji.

"Barafu iko wapi?"

"Barafu ya nini tena, mama? Kontena lenyewe ukiingia unaoga jasho."

"Si lina mashine ya baridi?"

"Lina mashine, ila haina jenereta. Jenereta iko kwenye mikutano, inapiga muziki." Dereva akatabasamu. Alikuwa anatoa habari tu, wala hakujua ametoa nini. "Ile ya vipaza sauti ilikufa."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mkutano wa stendi. Siku nyingi."

Alipokwenda, Mama Dawa alikaa chini. Akatoa kichupa kimoja. Dawa ile, ya aina inayofanana na maziwa, ikitulia hujitenga: nyeupe huzama chini, maji hubaki juu. Ukiibingirisha taratibu kati ya viganja hurudi ikawa kitu kimoja. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuibingirisha, wakiwa bado wachumba, akimshika mikono kwa kisingizio cha kazi. Aliibingirisha sasa kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akainua kwenye mwanga. Chembe zilikuwa zimeganda kwenye kioo, nyeupe, ndogondogo, kama chumvi iliyobaki sufuriani maji yakikauka. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Halafu akaacha, kwa sababu alikuwa anaogopa kuvimaliza.

Akapiga simu ya mumewe. Ikapokelewa na Simu Mbili.

Huyu alikuwa katibu wa kampeni. Jina alipewa na watu kwa sababu ya simu zake: moja ya kusema ndiyo, moja ya kusema hayupo.

"Shemeji! Habari za dukani? Mheshimiwa yuko kikaoni."

"Mpe simu."

"Nipe mimi ujumbe, nitaufikisha."

"Anayeongea ni mke wake, si mpiga kura."

"Kwani mke hapigi kura, Shemeji?" Akacheka peke yake.

"Basi mwambie hivi. Dawa ya kwenye kontena imeharibika. Imepikwa."

Nyuma ya simu alisikia feni ikizunguka na watu wakibishana kuhusu mahema. Simu Mbili aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka, na kile kicheko kilikuwa kimekwenda.

"Shemeji, hayo si maneno ya kusema kwenye simu."

Hapo ndipo Mama Dawa alipojua kwamba wao walishajua.

*

Daktari alirudi jua likizama, viatu mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba. Sauti ilikuwa imemkauka. Alivuka sebule akishikwa mikono huku na huku, akisema "sawa, sawa, nimekusikia, sawa," mpaka akafika jikoni akasukuma mlango kwa mgongo. Mkewe alikuwa ameketi mezani. Mbele yake palikuwa na kisahani, na juu ya kisahani kichupa kimoja.

"Pole na kazi."

"Nimeshapoa." Akakitazama kichupa, akavuta kiti. "Najua unachotaka kusema."

"Basi sema wewe, mimi nipumzike."

Akaweka viatu sakafuni. Alikuwa amekonda shingoni na kunenepa tumboni, kama watu wanaokula kwenye mikutano na kulala kwenye magari. Mkewe alimwonea huruma, na alijichukia kidogo kwa huruma ile, kwa kuwa haikuwa na kazi jioni hiyo.

"Jenereta ilikuwa iazimwe siku moja tu," akasema mwishowe.

"Nani aliyeruhusu?"

"Simu Mbili alinipigia nikiwa natoka jukwaani. Muziki unapiga, watu wananivuta shati, huyu anaomba, yule anaomba. Akasema jenereta ya vipaza sauti imekufa, tuchukue ile ya kontena kwa leo. Nikamwambia sawa."

"Ukamwambia akurudishie maneno?"

Aliinua macho. Ilimwingia, mkewe aliona ilivyomwingia.

"Siku hizi nasema sawa kabla sijasikia nimeulizwa nini," akasema. "Kesho yake palikuwa na mkutano mwingine. Keshokutwa mwingine. Nikasahau. Wallahi nilisahau, mama watoto. Mimi! Mimi niliyekuwa nafunga duka nikienda kwenye maziko, nikarudi katikati ya maziko kuangalia kama umeme umekatika."

"Nakumbuka. Walikusema sana."

"Tarehe kwenye maboksi bado iko mbali," akajaribu.

"Tarehe haikukaa juani. Iliyokaa juani ni dawa."

"Inawezekana si zote zimeharibika."

"Inawezekana. Basi mchome mama. Hicho hapo. Yuko chumbani anasubiri sindano ya jioni."

Alikichukua kichupa. Alikuwa na jibu, mkewe alimwona analitafuta mdomoni. Lakini viganja havikumsubiri. Vilianza vyenyewe kukibingirisha, polepole, kama vilivyofanya miaka yote ya dukani. Akakiinua kwenye taa. Akakitazama. Kisha akakirudisha kwenye kisahani, akakisogeza mbali kwa kidole.

"Haiui," akasema.

"Haiui. Haina nguvu tu. Mwalimu wa Hesabu atajichoma maji meupe, aseme leo nimepata dozi kamili, ale ashibe kwa furaha. Sukari itampanda mpaka azime. Siku hiyo tutakwenda kuwapa wafiwa mkono, mimi na wewe, tuwaambie ni mapenzi ya Mungu."

"Usiniongeleshe kama mimi ndiye adui!" Sauti ilikatika katikati. Sebuleni watu wakanyamaza kusikiliza, akaishusha. "Hebu fikiri. Nikiifuta Jumamosi nimekwisha. Wapinzani wataimba: mfamasia kapika dawa za wagonjwa. Chama kitanitupa kama bendeji chafu. Sawa, nitupwe. Halafu nani atalipigania kontena lingine? Simu Mbili? Niache nipite kwanza. Nikipita, wiki ya kwanza tu naagiza nyingine, hizi tunazikusanya kimyakimya."

"Mtazikusanya kutoka kwenye mapaja ya nani?"

"Na wewe unatakiwa uwepo mezani," Daktari akasema, akitazama sakafu. "Kugawa. Watu wanakuamini. Ratiba imeshapangwa."

Mama Dawa hakuwa hata na hasira. Alikuwa amechoka, kama mtu aliyesimama kwenye foleni mchana kutwa akafika dirishani akaambiwa rudi kesho.

"Uliniambia mwenyewe nigombee," Daktari akasema.

"Nilikwambia. Kwa sababu ulikuwa unajua kusema hapana. Ulimnyima dawa kaka yangu mwenyewe, akiwa hana cheti cha hospitali, mbele ya watu, na yeye akakununia mwaka. Nikasema mtu huyu akienda huko watamkoma."

Mlango wa ndani ukafunguka. Bibi, mama yake Daktari, aliingia akishika ukuta, mkono mmoja ukitangulia kupapasa kiti.

"Mama, nenda ukapumzike," Daktari akasema.

"Nimepumzika tangu asubuhi, nimechoka kupumzika." Akakaa. Akapandisha gauni mpaka juu ya goti, paja likabaki wazi, limejaa alama za sindano. "Haya. Nichomeni hiyo iliyoletwa."

"Mama, hiyo haifai."

"Haimfai nani?"

"Haifai, mama. Imepata joto."

"Nimesikia, masikio bado ninayo. Jumamosi wanapewa wazee wenzangu. Mimi ni mama wa mbunge, lakini kongosho langu halijui." Akajipigapiga paja, kwa upole. "Ikiwa inawafaa wao, nichome. Nichome wewe mwenyewe, mwanangu, mkono wako ni mwepesi. Sitasema kitu."

Mama Dawa hakujua kama mama mkwe alikuwa akimhukumu mwanawe au akijitoa ili mwanawe asiaibike. Pengine Bibi mwenyewe hakujua. Daktari alisimama, akaenda bafuni, na maji yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu.

Kwenye friji kulikuwa na kichupa cha zamani cha Bibi, kimebaki kidogo chini. Mama Dawa alikibingirisha, akakivuta chote, akamchoma.

"Mganga hajigangi," Bibi akasema, akishusha gauni.

Daktari alipotoka bafuni uso umelowa, mkewe alikuwa bado amesimama palepale.

"Nitakuja Jumamosi," akamwambia. "Sitagawa. Nitakaa nisubiri useme wewe. Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Ukisema wewe, mimi si mtu tena."

"Ndiyo maana nasema useme wewe."

*

Jumamosi uwanja wa zahanati ulifungwa mahema meupe, na viti vya mbele vikavishwa vitambaa. Jenereta ilikuwa nyuma ya jukwaa ikinguruma, muziki ukitikisa mabati. Wagonjwa walikuwa wamepangwa juani ili wapigwe picha vizuri. Mama Dawa alipowaona alisimama ghafla langoni. Kila mmoja kwenye foleni ile alikuwa ameshika chupa ya chai. Za maua, za plastiki, zenye vifuniko vilivyofungwa kwa kamba. Mama mmoja aliikumbatia ya kwake ndani ya taulo. Watu wasio na friji, waliogongeana milango tangu asubuhi kutafuta mwenye barafu. Somo walikuwa wamelishika.

Walimketisha karibu na meza yenye maboksi. Simu Mbili alimwinamia. "Shemeji, tabasamu kidogo. Mambo yamekwisha."

"Yamekwishaje?"

"Yamekwisha," akarudia, akaenda kujibu simu.

Daktari alipanda jukwaani. Alishukuru wakubwa, alishukuru mvua, alisimulia bunge. Alizunguka na maneno kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mara mbili alimtazama mkewe na mara mbili akageuza macho. Mama Dawa aliweka mikono mapajani na kuibana, akisema moyoni, sasa, sema sasa. Hakusema. Simu Mbili akamnong'oneza, Daktari akashuka mpaka kwenye meza, kipaza sauti mkononi. Wa kwanza kwenye foleni akasogezwa mbele ya kamera.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa amevaa koti. Alipokea kichupa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chupa yake ya barafu. Daktari, kwa mazoea yake, hakuachia upande wake.

"Nirudishie maneno, Mwalimu," akasema, na uwanja ukashangilia. Hicho ndicho walichokuja kukisikia.

Mwalimu akakohoa, akajisogeza kwenye kipaza sauti. Alikuwa anafurahia, mzee wa watu.

"Iwekwe penye baridi. Isikae juani. Isafiri na barafu. Kabla ya kuchoma, ibingirishwe, isitikiswe."

"Na...?" Daktari akasema. Neno lilimtoka lenyewe, kama dukani. Alipolisikia alikuwa ameshachelewa.

"Na iangaliwe kwenye mwanga. Ikiwa na chembe, isitumike."

Makofi. Daktari akaachia. Mwalimu, mwanafunzi mwema, akaibana chupa yake kwapani, akakibingirisha kichupa mbele ya umati, akakiinua juani. Akakunja macho. Akakisogeza, akakirudisha. Kisha akacheka kwa aibu kidogo, akageuka mezani.

"Macho yangu haya... Mama Dawa, hebu niangalizie."

Kichupa kikabaki hewani, mbele yake. Mama Dawa akasimama. Akakipokea, na hakukitazama. Alimtazama mumewe, uso huu ambao alikuwa ameuona kwenye magari na kuta kuliko nyumbani, akamkabidhi.

"Mwangalizie wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyemfundisha."

Daktari akakiinua. Mpiga picha akapiga. Ilikuwa picha nzuri, bila shaka: mfamasia na dawa yake kwenye jua. Aliishikilia juu mpaka watu wakaanza kuulizana, mpaka Simu Mbili akaanza kujongea.

"Ina chembe," akasema kwenye kipaza sauti.

Simu Mbili akapunga mkono kwa fundi wa muziki, na muziki ukalipuka. Watu wachache wakaanza kucheza, hawakuwa wamesikia. Daktari akaenda nyuma ya jukwaa kwa miguu yake iliyovimba. Jenereta ikakohoa, ikazima. Muziki ukafa katikati ya neno, na kipaza sauti nacho kikafa. Akarudi akiwa na sauti yake tu, ile iliyokauka.

"Dawa hii imeharibika. Msijichome."

Waliokuwa nyuma wakapiga kelele hawasikii. Wa mbele wakageuka wakawaambia wenzao, nao wakawaambia wengine, na maneno yakatembea kwenye foleni mpaka langoni: imeharibika, msijichome, imeharibika.

"Jenereta hii ni ya kontena," Daktari akasema. "Ilipiga muziki, dawa ikakaa kwenye joto. Niliruhusu mimi."

Niliruhusu mimi, foleni ikapokea. Karuhusu yeye. Mama mmoja akalia. Mwanamume mmoja akamtusi mama yake Daktari tusi zito, na hakuna aliyemkemea. Wakubwa wa viti vya vitambaa walikuwa wameshaanza kuinuka, na Simu Mbili alikuwa pembeni na simu yake ya pili sikioni, ameipa shughuli mgongo, anazungumza na mtu mwingine kwa sauti ya heshima.

Mama Dawa alitaka kumshika mumewe mkono. Alisikia fahari, na fahari ile ilikuwa chungu, haina mahali pa kuiweka. Hakupata nafasi ya kusogea. Mwalimu alikuwa ametangulia.

"Nimekuelewa, Daktari," Mwalimu akasema. "Umesema vizuri. Sasa nitajichoma nini?"

Daktari alifungua mdomo. Pengine "sawa" ilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, imezoea njia. Hakuisema. Akamnyooshea Mwalimu kile kichupa, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, na Mwalimu akakishika upande wake, lakini hakukichukua. Wakabaki hivyo, mmoja huku, mmoja huku. Nyuma yao foleni ilikuwa bado imesimama, kila mtu na chupa yake, barafu ikiyeyuka ndani.

"Nirudishie maneno," Mwalimu akasema. Hakuwa anatania. "Nimekuuliza nini?"

"Utajichoma nini," Daktari akasema.

Hapo ndipo Mwalimu alipoachia.